Bado Vifungo Tu

Aliye na kazi mkononi aendelee nayo, maana mazungumzo ya jioni hii yanamhusu hasa yule anayesikiliza redio huku sindano ikitembea.

Nani kati yetu hajawahi kusimama kwenye kibaraza cha fundi cherehani siku mbili kabla ya harusi? "Shikamoo fundi. Gauni langu vipi?" "Marahaba mwanangu. Gauni liko tayari, bado vifungo tu." Kesho yake unarudi, bado vifungo tu. Asubuhi ya harusi umekaa kwenye benchi, nywele zimeshasukwa, viatu umeshavaa, unamsubiri binti aliyeliinamia gauni lako akikaza kifungo cha mwisho, na wenzako wameshapanda gari. Wengi wakitoka hapo husema mafundi ni waongo. Mimi nakataa. Mara nyingi fundi amesema kweli tupu: gauni limeshonwa, limebaki vifungo. Shida ni kwamba sisi wateja, na wakati mwingine mafundi wenyewe, hatuvihesabu vifungo kuwa ni kazi.

Basi tuitazame kazi hiyo kwa karibu. Fundi mzoefu akishakata kitambaa, kuunganisha mwili, mikono na kola kwa cherehani ya kukanyaga hakumchukui muda mrefu. Ukipita jirani na soko la mitumba hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, unaisikia pedeli inavyokwenda mbio. Hapo ndipo raha ya ufundi ilipo, kitambaa kilichokuwa bapa kinapopata mabega na kiuno. Kisha cherehani inanyamaza, na yanaanza mambo ambayo hakuna anayesimama kuyatazama. Nyuzi zinaning'inia kila mahali mshono ulipoanzia na ulipoishia, nazo zinataka kukatwa moja moja kwa ncha ya mkasi bila kugusa kitambaa. Kingo za ndani zipigwe ovaloki, na kama fundi hana mashine hiyo, nguo zifungwe kwenye mfuko zipelekwe kwa mwenye nayo zikapange foleni. Bitana iliyovuta upande mmoja ifumuliwe na kurudiwa. Pasi ya mkaa iwashwe, ipepewe, na jivu lisiruke likadondokea kola nyeupe.

Halafu ndiyo vifungo. Tundu la kifungo linaloshonwa kwa mkono huanza na alama ya chaki. Binti anakilaza kifungo juu ya kitambaa, anapima, anapasua kwa ncha ya mkasi mpasuko unaolingana na upana wa kifungo pamoja na unene wake. Ukizidi kidogo tu, kifungo kitakuwa kinachomoka chenyewe, na ukipungua hakitapita. Anauzungushia mpasuko mzima mishono iliyobanana, kila mshono ukipitishwa ndani ya kitanzi chake ili kifundo kidogo kikae ukingoni. Vifundo hivyo ndivyo vinavyozuia kitambaa kuchanika mtoto anapolivua shati kwa haraka akitoka shule. Kwenye ncha mbili anaongeza mishono ya kukaza. Hilo ni tundu moja. Upande wa pili, kifungo chenye vitobo vinne kinataka sindano ipande na kushuka mara kadhaa, kisha uzi uzungushwe chini yake kutengeneza kishingo kifupi, ili kitambaa cha juu kipate pa kukaa. Kifungo kilichobanwa moja kwa moja kwenye kitambaa bila kishingo hakidumu.

Shati la shule lina vifungo kama sita. Fundi aliyepokea mashati 40 ya Januari ana vifungo 240 vya kukaza na matundu 240 ya kuzungushia. Wapo wenye mashine ya zigizaga inayopiga matundu, nao wamepumua. Lakini vibarazani wengi wanakanyaga zile mashine nyeusi za Singer na Butterfly zenye mshono mmoja ulionyooka, na kwao hesabu ni ya vidole na sindano. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto waliongezeka madarasani, na sare imebaki juu ya mzazi. Kwa hiyo kila mwisho wa mwaka hesabu hiyo inarudi kwenye kibaraza kilekile, kwa binti yuleyule mwenye kipande cha uzi mdomoni.

Na tusidhani haya ni ya mafundi peke yao. Kabati la mama gani halina doti ya kanga ambayo haijakatwa? Kanga inatoka dukani vipande viwili vimeshikana, na mnunuzi ndiye wa kukata katikati na kupinda ncha. Kwa mwenye cherehani ni kazi ya dakika chache, lakini doti za zawadi ya harusi zinakaa hadi mtoto wa ndoa hiyo anaanza shule, hazijavaliwa, kwa sababu ya upindo tu. Ndiyo maana penye wauza kanga wengi hakosekani mtu aliyeketi na cherehani kando yao, anapinda kanga za wapita njia. Namheshimu sana mtu huyo. Kitu ambacho kila mtu anakiahirisha, yeye amekiona kuwa ni kazi, akakitengea kiti na akakipangia bei.

Ninaowafikiria zaidi jioni hii, hata hivyo, ni kina mama wa mashuka ya kufuma. Mnawajua. Seti ya mashuka mawili na foronya zake, maua makubwa ya rangi, majani yaliyojazwa uzi hadi kitambaa hakionekani. Wapo wanaoyafuma hapa mjini na kuyapeleka Kahama, Kakola na Katoro, kwa kuwa penye machimbo ya dhahabu penye watu wanaojenga na kuweka nyumba sawa, shuka la kufuma lina mnunuzi. Ua lenyewe halimchoshi mama. Ua linamtuliza. Anakaa barazani na fremu yake, anapiga soga na jirani, petali inajaa.

Kinachomchelewesha kiko pembeni ya ua. Uzi wa kudarizi umesokotwa nyuzi sita pamoja, nazo hutenganishwa mbili mbili au tatu tatu kabla ya kuingia kwenye sindano. Ukikata uzi mrefu ili usitunge mara kwa mara, unajiviringa na kujifunga fundo katikati ya kazi. Ukikata mfupi, unatunga tena na tena. Na kutunga uzi kuna umri wake. Mtu akivuka miaka arobaini na kitu, tundu la sindano linaanza kumkimbia macho, na hapo ndipo unaposikia kila nyumba: "Wewe mtoto, njoo unitungie uzi!" Mtoto naye yuko shuleni hadi alasiri. Kina mama wajanja wamelipatia dawa: asubuhi kabla mtoto hajaondoka, anatunga sindano zote za siku, anazichomeka kwenye kipande cha sponji la godoro kwa mpangilio wa rangi, na mama anachomoa moja baada ya nyingine. Miwani ya kusomea ingesaidia zaidi, na ningependa kuona vikundi vya kina mama vinaihesabu kuwa ni kitendea kazi kama mkasi.

Kisha kuna mgongo wa shuka. Mteja mjuzi hulipindua shuka kabla ya kuuliza bei. Akikuta mikia ya nyuzi inaning'inia na mafundo makubwa kama punje za mtama, analirudisha mezani. Kwa hiyo kila mkia wa uzi unapaswa kufichwa chini ya mishono iliyotangulia. Mwisho kabisa kuna kupinda ukingo, kulifua shuka ili mchoro wa kaboni na jasho la mikono vitoke, kulianika mahali pasipo vumbi (na Shinyanga ya Agosti tunalijua vumbi lake), kulipiga pasi na kulikunja.

Na hapa kuna jambo ambalo aliyekaa nje ya kazi hii hulikosa. Ua linaingia kwenye nafasi yoyote ya siku. Maharage yakiwa jikoni, mama anapiga mishono kadhaa, akiitwa anaiweka fremu chini, akirudi anaendelea pale pale. Kupinda, kufua na kupiga pasi havikubali vipande vya muda. Vinataka meza iliyo wazi, mikono mikavu, mkaa uliokolea na mchana mzima usio na mgeni. Nyumba gani yenye watoto ina mchana kama huo? Kwa hiyo seti inakaa ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati, maua yote yamekamilika, na mama anaanza seti nyingine kwa sababu ua jipya ndilo linalokubaliana na siku yake. Anayemwita mvivu hajaishi siku hiyo.

Siku hiyo, tuseme ukweli, ilikuwa mbaya zaidi zamani. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, uliozinduliwa mwaka 2009, uliwafikishia maji watu wa Shinyanga na Kahama, na kwa nyumba zenye bomba zile saa za ndoo zilirudi mikononi mwa kina mama. Nikiona shuka lililokamilika kwenye meza ya soko, nahesabu na bomba hilo kuwa limechangia.

Lakini kuna sababu nyingine ya kazi kukwama mwishoni, nayo inahusu fedha. Angalia tunavyowalipa watu hawa. Mteja anakuja na kitambaa, anaacha nusu ya malipo. Nusu hiyo inanunua uzi, zipu na bitana, inalipa kodi ya kibaraza, inapika chakula cha jioni. Gauni linafika penye vifungo, nusu ya kwanza imeshaisha, na nusu ya pili iko mfukoni mwa mteja ambaye hajatokea. Wakati huohuo anaingia mteja mpya na nusu yake mkononi. Fundi mwenye watoto afanye nini? Anakata kitambaa cha mteja mpya, gauni la kwanza linapanda kwenye rafu. Sisi wenyewe, kwa jinsi tunavyolipa, tumemfundisha fundi kwamba kuanza kunalisha na kumaliza kunasubiri. Ongeza na neno letu lile la dharau: "Kifungo tu nacho unanidai?" Tunalisema kwa fundi, na tunalisema kwa mama wa mashuka tunapopunguza bei kana kwamba upindo na pasi vilijifanya vyenyewe.

Ndiyo maana mimi ningetaka bei ya umaliziaji itajwe peke yake tangu siku ya kupima. Kushona shilingi kadhaa, vifungo na matundu shilingi kadhaa, ovaloki na pasi shilingi kadhaa, na malipo yagawanywe sehemu tatu, ya kati itolewe nguo inapojaribiwa mwilini. Mteja aliyelipa ya kati amekuja kibarazani, ameiona nguo yake bila vifungo, na fundi ana fedha ya kumlipa binti anayekaza. Na binti huyo alipwe. Tuna tabia mbaya vibarazani ya kumwachia mwanafunzi vifungo na nyuzi miaka nenda rudi bila kumpa mkasi wa kukata hata kanzu ya mtoto. Kazi hiyo inafundisha mkono, sikatai, ila ifundishwe kama ufundi wenye daraja zake, kama wanavyofundisha ushonaji kwenye vyuo vya VETA, isiwe adhabu ya mgeni.

Kuhusu vikundi vinavyoomba mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nina ombi moja. Mnapoandika andiko lenu msiishie kwenye vyerehani vitano. Andikeni vyerehani vitatu, ovaloki moja, pasi na meza ndefu. Kikundi chenye vyerehani vitano bila ovaloki kitaanza nguo nyingi, kisha kitaupeleka mfuko wa nguo kwa jirani kikapange foleni.

Ila bei haiondoi uchovu wa kazi inayojirudia. Uchovu huo wazee wetu walikuwa na dawa yake. Anayeijua pamba anaijua palizi, na anakumbuka uchambuzi wa mwisho, kukaa chini na kutenga pamba safi upande huu na fifi, ile ya daraja la chini, upande ule, kidogo kidogo, kabla ya kwenda kwenye mizani. Kwenye jembe Wasukuma walileta ngoma. Bugobogobo tunayoitazama leo viwanjani, majembe yanarushwa na kudakwa, ilizaliwa shambani, watu wakilima kwa mstari na mpigo wa ngoma ukiwabeba. Hawakungoja kila mtu aimalize palizi yake peke yake.

Wanawake wa vijijini Marekani katika karne ya 19 walifika mahali hapo hapo kwa blanketi la viraka. Blanketi hilo lina tabaka tatu: juu viraka vilivyounganishwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Kuunganisha viraka kila mmoja alikufanya kwake, usiku wa baridi, akifurahia rangi. Kuzishona tabaka tatu pamoja kutoka ukingo hadi ukingo ndiko kulikochosha, mistari na mistari ya mishono midogo. Basi blanketi lilitandazwa kwenye fremu kubwa ya mbao, majirani wakaitwa, wakaizunguka fremu na sindano zao, chakula kikapikwa, na kazi ambayo ingemla mtu mmoja wiki nyingi ikasogea sana kwa siku moja.

Wako wengine walio karibu nasi zaidi kwa damu. Kwenye jimbo la Karnataka, kusini mwa India, wanaishi Wasiddi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi wakapelekwa huko utumwani kupitia Goa wakati wa Wareno. Leo wapo kati yao Waislamu, Wakatoliki na Wahindu. Wanawake wao wanashona blanketi la viraka linaloitwa kawandi, na Henry Drewal, mwanahistoria wa sanaa kutoka Marekani, ameandika juu yake na kufanya nao kazi. Kilichonivutia ni mahali wanapoanzia. Blanketi la viraka la kawaida huishia ukingoni, na huo ukingo, kuupinda na kuushona pande zote nne, ndio unaoyaacha mablanketi mengi sandukuni. Mwanamke wa Kisiddi anaanzia ukingoni. Anatandika sari kuukuu chini, anashika kona, anaweka kiraka, anakunja ncha zake pamoja na ncha ya sari, anashona mishono iliyonyooka. Anaongeza kiraka kingine kando yake, anazunguka pande zote, akirudi pale alipoanzia anaingia ndani kidogo, na hivyo hivyo mzunguko kwa mzunguko hadi katikati. Hapimi kwanza, hakati kwa ramani. Kazi ngumu ya ukingo inafanyika siku ya kwanza, nguvu zikiwa mpya, na tabaka zinashonwa pamoja viraka vikiwa vinaendelea kuwekwa. Mwisho anaweka kwenye kona nne vipande vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita phula, yaani maua, na wenyewe husema kawandi isiyo na maua hayo iko uchi.

Kwa nini nawaletea habari hiyo hapa Ngokolo? Kwa sababu mabaki ya vitenge yamejaa chini ya kila cherehani mjini, mengi yanaishia kufutia mashine mafuta au kuwashia moto. Na kwa sababu njia ile inaweza kuhamia hata kwenye kazi zetu. Mama wa mashuka anaweza kuupinda ukingo kabla ya kuchora ua la kwanza, siku ile ile anaponunua kitambaa, akiwa na hamu nacho. Fundi wa sare anaweza kupiga matundu kwenye vipande vya mbele kabla ya kuviunganisha na mwili, kitambaa kikiwa bado chepesi mkononi. Na kikundi kinaweza kutenga siku moja kwa mwezi ambayo hakuna anayeanza kitu kipya: kila mtu analeta mfuko wake wa juu ya kabati, watoto wenye macho makali wanatunga sindano, mmoja anashika pasi, mmoja anapinda, na redio inawashwa kwa sauti.

Kikundi kitakachotaka kujaribu kawandi kianze na ya mtoto mchanga. Kanga mbili kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa zinatosha, moja chini na moja katikati, juu viraka vya kitenge. Tumieni uzi imara wa pamba, mishono mifupi, mistari isiyoachana zaidi ya upana wa kidole, ili blanketi livumilie kufuliwa kila siku. Anzeni kona yoyote, zungukeni kuelekea katikati, na viraka vya rangi nzito mviweke pembeni ambako mikono hushika sana. Mkianza Machi, palizi inapopungua, Juni blanketi litakuwa tayari, na usiku wa Juni na Julai hapa kwetu una baridi kwa mtoto wa wiki mbili.